Kushindania Kusimama: Magari ya Jaguar katika Mashindano ya Le Mans, 1950–1957

Gari la mashindano linapotajwa, watu wengi hufikiri kwanza juu ya injini yake. Huuliza: Ina silinda ngapi? Ina nguvu za farasi ngapi? Gari hukimbia kilomita ngapi kwa saa? Maswali hayo yana haki yake. Liko hata hivyo swali jingine ambalo halina budi kuulizwa pamoja nayo, nalo ni hili: Je, gari hilo husimamaje? Dereva asiye na hakika kwamba gari lake litapunguza mwendo mbele ya kona hathubutu kulikimbiza kabla ya kuifikia kona hiyo. Kwa sababu hiyo kasi ya gari hutawaliwa na breki zake kama inavyotawaliwa na injini yake.

Ukweli huu ulidhihirika katika historia ya magari ya mashindano yaliyoundwa na kiwanda cha Jaguar, katika mji wa Coventry nchini Uingereza, baina ya mwaka 1950 na 1957. Magari hayo yalishinda mara tano katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Injini yao ilikuwa nzuri, lakini haikuwa kubwa kuliko za wapinzani wao. Siri ya ushindi wao mkubwa kuliko yote, ule wa mwaka 1953, ilikuwa ndani ya magurudumu. Tena historia hiyo hiyo ina siku moja ya msiba, ambayo inafundisha jambo zito zaidi kuliko ushindi.

Njia ya Le Mans

Mashindano ya Le Mans yalianza mwaka 1923. Katika miaka inayozungumzwa hapa yalianza saa kumi alasiri siku ya Jumamosi na kumalizika saa kumi alasiri ya Jumapili. Kila gari lilikuwa na madereva wawili waliopokezana usukani. Mshindi alikuwa yule aliyekwenda umbali mrefu kuliko wote katika muda wa saa 24.

Mzunguko mmoja wa njia ulikuwa na urefu wa kilomita 13.5 hivi, na sehemu yake kubwa ilikuwa barabara za kawaida zilizotumiwa na wananchi siku nyingine zote. Upande mmoja wa mzunguko huo ulikuwa barabara iliyonyoka kwa karibu kilomita 6. Hapo dereva alikanyaga mafuta mpaka mwisho, na gari likafikia kasi yake ya juu kabisa. Mwisho wa mnyoosho huo ilikuwapo kona kali ya Mulsanne. Gari lililokuja kwa kilomita zaidi ya 200 kwa saa lilipaswa kupunguza mwendo kwa muda wa sekunde chache hadi likakaribia mwendo wa gari la kawaida mjini. Kazi hiyo ilirudiwa katika kila mzunguko, mchana na usiku, kwenye jua na kwenye mvua, mara mia mbili na zaidi kabla ya mashindano kwisha.

Hesabu ya joto

Ni kazi kiasi gani hiyo? Mwanafunzi wa fizikia anaweza kuipima mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Ili hesabu iwe nyepesi, tungamo la gari pamoja na dereva na mafuta lichukuliwe kuwa kilogramu 1,000. Gari hilo linapunguza kasi kutoka mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa, hadi mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa.

Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Kabla ya kufunga breki gari lina jouli 1,800,000. Baada ya kufunga breki limebaki na jouli 200,000. Tofauti ni jouli 1,600,000. Nishati haipotei, hugeuka hali tu. Sehemu ndogo huchukuliwa na upepo unaolipinga gari, na nyingine na matairi na injini, lakini sehemu kubwa hugeuka kuwa joto ndani ya breki.

Kilogramu moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 100 za sentigredi huhitaji jouli 336,000. Kwa hiyo joto la kufunga breki mara moja tu katika kona ya Mulsanne lingetosha kuchemsha karibu lita 5 za maji. Jambo la kustaajabisha zaidi ni muda. Iwapo kazi hiyo inafanyika katika sekunde 5, breki zinageuza nishati kwa kiwango cha jouli 320,000 kila sekunde, yaani kilowati 320. Injini ya Jaguar ya mwaka 1953 ilitoa nguvu za farasi 220 hivi, ambazo ni sawa na kilowati 164. Hivyo katika sekunde hizo chache breki zilifanya kazi kwa nguvu karibu maradufu ya injini.

Injini ina radieta, maji na feni ya kuipoza. Breki za zamani hazikuwa na kitu isipokuwa upepo uliozipitia. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Ngoma na udhaifu wake

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 karibu magari yote yalitumia breki za ngoma. Ngoma ni chombo cha chuma cha mviringo kilichofungwa kwenye gurudumu na kuzunguka pamoja nalo. Ndani yake mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyovikwa kitambaa kigumu kinachostahimili moto. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukumwa katika mabomba membamba, nayo yanavitanua viatu hivyo vigusane na upande wa ndani wa ngoma. Msuguano hulipunguza gurudumu mwendo.

Mpango huu una akili, ila una udhaifu wa aina tatu.

Kwanza, joto huzaliwa ndani ya chombo kilichofungika. Halina njia ya kutoka isipokuwa kwa kupenya unene wa ngoma mpaka nje.

Pili, chuma kikipata joto hutanuka. Ngoma ikitanuka, kipenyo chake huongezeka, nayo husogea mbali na viatu. Dereva hulazimika kuikanyaga pedali chini zaidi ili viatu viifuate ngoma inayowakimbia. Aidha kile kitambaa kigumu, kikipita kiwango fulani cha joto, hupoteza sehemu ya msuguano wake. Madereva husema breki zimechoka.

Tatu, mzunguko wa gurudumu wenyewe husaidia kukivuta kiatu kibane zaidi. Jambo hilo ni msaada wakati breki zi baridi, kwa kuwa mguu wa dereva hautumii nguvu nyingi. Lakini msuguano ukipungua kidogo, msaada huo nao hupungua, na uwezo wa kusimama hushuka kwa kiasi kikubwa kuliko upungufu wa msuguano wenyewe. Tena magurudumu hayachoki sawasawa. Gurudumu la kulia likishika kuliko la kushoto, gari huvutwa upande.

Mwaka 1950 magari matatu ya Jaguar ya aina ya XK120 yalishiriki Le Mans mikononi mwa madereva binafsi, kwa msaada wa kiwanda. Moja lao, lililoendeshwa na Leslie Johnson na Bert Hadley, lilikaa katika nafasi za mbele hadi saa chache za mwisho. Breki zake zilikuwa zimechoka, na madereva walikuwa wakitumia gia kulipunguza gari mwendo. Mzigo huo uliiangukia klachi, nayo ikavunjika. Wahandisi wa Coventry walirudi nyumbani na mafunzo mawili: kwamba injini yao inaweza kushinda, na kwamba gari lake halijafaa.

Ushindi wa 1951 na aibu ya 1952

Kwa mashindano ya mwaka 1951 kiwanda kiliunda gari jipya, XK120C, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la C-type. Injini ilikuwa ile ile ya XK120, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 3,442. Kiunzi chake kilifanywa kwa mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu nyingi, kwa sababu pembetatu haipindiki kwa urahisi. Umbo la nje lilichorwa na Malcolm Sayer, mtaalamu aliyetoka katika kiwanda cha ndege cha Bristol. Sayer hakukadiria kwa jicho. Alipiga hesabu za mkondo wa hewa kama afanyavyo mwundaji wa ndege.

Magari matatu yalipelekwa Le Mans. Mawili yaliharibika, baada ya mtetemo wa injini kuvunja bomba la mafuta ya kulainishia. La tatu, la Peter Walker na Peter Whitehead, lilishinda kwa wastani wa kilomita 150 kwa saa.

Mwaka uliofuata kiwanda kilijikwaa. Stirling Moss, dereva kijana aliyeendesha Jaguar katika mashindano ya Mille Miglia nchini Italia, aliyaona magari mapya ya Mercedes-Benz aina ya 300 SL, akapeleka simu ya maandishi Coventry kueleza kwamba kasi zaidi ilihitajika Le Mans. Kwa haraka pua ya gari ikarefushwa na kuteremshwa ili ipasue hewa vizuri zaidi, na mpango wa maji ya kupozea injini ukabadilishwa ili uenee chini ya boneti hiyo mpya. Mabadiliko hayo hayakupata muda wa kujaribiwa vya kutosha. Maji yalichemka, na magari yote matatu yakatoka mashindanoni katika saa za mwanzo.

Mwaka huo huo ulikuwa na kisa kingine. Mfaransa Pierre Levegh aliendesha gari la Talbot peke yake kwa karibu saa 23, akikataa kumpisha mwenzake. Alikuwa akiongoza kwa mizunguko kadhaa, ndipo injini yake ilipovunjika zikiwa zimebaki saa moja na dakika chache. Ushindi ukaenda kwa Mercedes-Benz, waliokwenda kilomita 3,733. Msomaji alikumbuke jina la Levegh.

Diski yaingia uwanjani

Wakati Jaguar wakishindwa Le Mans, jaribio jingine lilikuwa likiendelea kimyakimya. Kampuni ya Dunlop ilikuwa ikitengeneza breki za diski kwa ajili ya ndege. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani: Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902. Badala ya ngoma, gurudumu hufungiwa sahani ya chuma iliyo wazi. Vipande viwili vya kitambaa kigumu, kimoja kila upande, huibana sahani hiyo kama vidole viwili vibanavyo sarafu.

Anayetaka kuona mfano wa jambo hili na aitazame baiskeli. Breki zake za mpira hubana rimu kutoka pande mbili, na rimu yote iko nje ikipigwa na upepo. Diski nayo ni vivyo hivyo. Sehemu ndogo tu ya uso wake imefunikwa. Sehemu iliyobaki hupozwa na hewa kila inapozunguka. Zaidi ya hayo, diski ikipata joto hunenepa, yaani huvisogelea vile vipande vinavyoibana, wala haivikimbii kama ngoma.

Hata hivyo breki ya ndege haikuweza kuhamishwa kwenye gari bila kufanyiwa kazi upya. Ndege hufunga breki mara moja inapotua, kisha diski zake hupata muda wa kupoa. Gari la Le Mans hufunga breki tena kabla ya joto la kwanza kutoka. Chukua diski nne zenye tungamo la kilogramu 24 kwa jumla. Chuma huhitaji jouli 480 hivi kwa kila kilogramu na kila nyuzi moja. Jouli 1,600,000 zitazipandisha diski hizo halijoto kwa nyuzi karibu 140 kwa mara moja. Kona tatu zikifuatana bila nafasi ya kupoa, joto hilo litasafiri mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminiko, hugandamizwa kwa urahisi. Dereva atakanyaga pedali, nayo itazama mpaka sakafuni bila gari kupungua mwendo.

Tatizo jingine lilikuwa kani. Diski haina ule msaada wa ngoma wa kujivuta yenyewe, hivyo inahitaji kubanwa kwa nguvu zaidi. Jaguar walitumia pampu iliyoendeshwa na giaboksi ili kuongeza nguvu ya mguu wa dereva.

Norman Dewis, mjaribu magari mkuu wa Jaguar, alishirikiana na wataalamu wa Dunlop. Waliendesha, wakavunja, wakafungua, wakapima, wakaendesha tena. Moss alizitumia breki hizo katika Mille Miglia ya mwaka 1952, Dewis akiwa kando yake, lakini gari halikumaliza. Mwishoni mwa Juni mwaka huo Moss alishinda kwenye njia ya Reims, Ufaransa, akiwa na gari la C-type lenye diski.

Saa 24 za mwaka 1953

Katika Juni 1953 Jaguar walirudi Le Mans na magari matatu mepesi zaidi. Mabati yake yalikuwa membamba, matangi ya petroli yalikuwa ya mpira kama ya ndege, na kabureta zilibadilishwa. Lile umbo la pua lililowaponza mwaka uliotangulia waliliacha. Kila gurudumu la kila gari lilikuwa na diski.

Wapinzani wao hawakuwa wanyonge. Ferrari ilileta injini ya lita 4.5. Mmarekani Briggs Cunningham alileta gari lenye injini ya Chrysler ya silinda nane na ujazo wa lita 5.4 hivi, kwenye mnyoosho lilikimbia kuliko Jaguar. Lakini wote hao walitegemea ngoma. Madereva wa Jaguar waliweza kuikaribia kona ya Mulsanne huku wakiendelea kukanyaga mafuta, ilhali wenzao walikwisha kuanza kufunga breki. Mita chache zilizopatikana hapo zilirudiwa katika kila kona na kila mzunguko. Tena usiku wa manane, wakati ngoma za wengine zilipochoka, diski ziliendelea kushika kama zilivyoshika saa ya kwanza.

Tony Rolt na Duncan Hamilton walimaliza wa kwanza, wakiwa wamekwenda mizunguko 304. Moss na Walker walikuwa wa pili. Gari la Cunningham lilipata nafasi ya tatu, na Jaguar nyingine ya nne. Washindi walikwenda kilomita 4,088, yaani zaidi ya kilomita 350 kupita mshindi wa mwaka uliotangulia. Wastani wao ulikuwa kilomita 170 kwa saa. Kwa mara ya kwanza wastani wa mashindano hayo ulizidi maili 100 kwa saa, na kwa mara ya kwanza yalishindwa na gari lenye breki za diski.

Ikiwa hesabu ya hapo juu itazidishwa kwa 304, itaonekana kwamba kona moja tu ya Mulsanne ilizaa jouli milioni 486 hivi, joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 1,400 za maji. Joto lote hilo lilitolewa hewani na diski nne.

Mraba wa kasi

Baada ya hapo kiwanda kiliunda gari jingine, D-type, lililoonekana Le Mans mwaka 1954. Sehemu yake ya katikati haikuwa na kiunzi cha mabomba, bali ganda la aluminiamu lililobeba mzigo lenyewe kama mwili wa ndege. Lilifikia kilomita zipatazo 278 kwa saa kwenye mnyoosho, nalo likashindwa na Ferrari kwa umbali usiotimia mzunguko mmoja.

Kilomita 278 kwa saa ni mita 77 kwa sekunde. Kasi hiyo imezidi ile ya mita 60 kwa asilimia 29 tu. Lakini nishati hufuata mraba wa kasi, nayo imezidi kwa asilimia 66. Hapa ndipo macho ya mwanadamu yanapodanganyika. Tunaiona kasi ikiongezeka kidogo. Breki, barabara na kuta hupokea ongezeko lililo kubwa zaidi.

Wajerumani walilijua jambo hilo. Gari lao jipya la mwaka 1955, Mercedes-Benz 300 SLR, lilikuwa na injini ya lita 3 yenye silinda nane, na mwezi wa Mei mwaka huo lilishinda Mille Miglia. Lilitumia ngoma. Kwa ajili ya Le Mans wahandisi waliliongezea ubao mkubwa nyuma ya dereva, ambao uliinuliwa ili kuikinga hewa na kulipunguza gari mwendo. Ubao huo hufuata kanuni ile ile ya mraba. Kwenye mita 60 kwa sekunde kani yake ni mara tisa ya ile iliyopo kwenye mita 20. Kwa hiyo ulifaa sana mwanzo wa kufunga breki katika kasi kubwa, na msaada wake ukapungua upesi kadiri mwendo ulivyoshuka. Ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba ngoma peke yake hazikutosha tena.

Tarehe 11 Juni 1955

Saa mbili na nusu baada ya mashindano kuanza, Mike Hawthorn, dereva wa D-type, alilipita gari dogo zaidi, Austin-Healey la Lance Macklin, kisha akafunga breki ili aingie mahali pa kutilia mafuta. Macklin alikwepa kuelekea kushoto. Nyuma yake lilikuwa likija kwa kasi kubwa gari la 300 SLR, na dereva wake alikuwa Pierre Levegh, yule wa mwaka 1952, aliyealikwa na Mercedes-Benz kujiunga na timu yao. Hakupata nafasi wala muda. Gari lake lilipanda juu ya mgongo wa Austin-Healey, likarushwa, likapiga ukingo wa udongo uliotenga njia na watazamaji, likapasuka. Injini na sehemu za mbele ziliruka katikati ya umati. Mwili wa gari ulikuwa wa aloi ya magnesi, nayo iliwaka kwa moto mweupe usiozimika kwa maji.

Levegh alikufa papo hapo. Watazamaji waliokufa walikuwa zaidi ya 80.

Mashindano hayakusimamishwa. Usiku wa manane, magari mengine ya Mercedes-Benz yakiwa yanaongoza, amri ilitoka Stuttgart yaondolewe. Hawthorn na Ivor Bueb walishinda kwa wastani wa kilomita 172 kwa saa. Mwisho wa mwaka Mercedes-Benz waliacha mashindano kwa miaka mingi.

Uchunguzi wa serikali ya Ufaransa haukumtia hatiani dereva yeyote. Uliona kwamba mahali penyewe hapakuwa salama. Njia iliyopita mbele ya mahali pa kutilia mafuta ilikuwa nyembamba, haikuwa na sehemu ya pembeni ya kupunguzia mwendo, na watazamaji walisimama karibu mno. Mpango huo ulirithiwa kutoka wakati wa magari ya miaka ya 1920. Katika miaka thelathini wahandisi walikuwa wameongeza kasi, kisha wakaboresha breki. Ukingo wa udongo ulibaki pale pale. Kabla ya mashindano ya mwaka 1956 sehemu hiyo ilijengwa upya na njia ikapanuliwa.

Fundisho

Magari ya D-type yalishinda tena mwaka 1956 na 1957, yakiendeshwa na timu binafsi ya Ecurie Ecosse kutoka Scotland. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimejitoa mashindanoni mwaka 1956. Lakini kazi ya Dewis na wenzake haikuishia uwanjani. Mwaka 1957 Jaguar waliuza gari la XK150 lenye diski katika magurudumu yote manne, na viwanda vingine vilikuwa katika njia hiyo hiyo. Citroën DS ya Ufaransa ilikuwa na diski za mbele tangu mwaka 1955. Siku hizi ni vigumu kupata gari dogo jipya lisilo na diski walau katika magurudumu ya mbele.

Ngoma hata hivyo hazijatoweka. Malori na mabasi mengi yangali yanazitumia, na kanuni za joto hazikubadilika. Lori lenye tungamo la tani 30 likiteremka mlima wa Kitonga, mkoani Iringa, kila linaposhuka mita 100 za wima hulazimika kuondoa jouli zipatazo milioni 30 ili lisizidi mwendo. Joto hilo lingechemsha karibu lita 90 za maji. Dereva akiliachia joto lote breki za ngoma, zitatanuka na kuchoka kama zilivyochoka za mwaka 1950, na hakuna mguu wenye nguvu ya kuzirudisha. Ndiyo sababu dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, ili injini ichukue sehemu kubwa ya mzigo huo.

Mwalimu anayefundisha kwamba nishati haiumbwi wala haipotei anaweza kuianza mada yake hapo. Gari halisimami kwa sababu dereva ametaka lisimame. Husimama kwa sababu nishati yake imepata mahali pa kwenda. Ikipewa diski, huenda hewani. Isipopewa mahali, hujitafutia penyewe, kama ilivyojitafutia Le Mans siku ile ya Juni.